Watoto wa Pwani Tufundishwe Kuzamia

Wanafunzi wenzangu, huenda baadhi yenu msikubaliane nami, lakini nasema wazi: ni aibu mtoto wa pwani kumaliza shule bila kuujua mwamba ulio mbele ya kijiji chao, hali wageni wanatoka mbali kuja kuutazama.

Mimi ni mzaliwa wa Mafia. Nilipokuwa mdogo nilifuatana na babu kuvua katika Ghuba ya Chole, na kazi yangu ilikuwa kutupa nanga. Nilipenda kuitupa juu ya mwamba, maana hapo hushika vizuri. Nilidhani ni mawe tu.

Likizo iliyopita mjomba wangu, afanyaye kazi katika boti ya wazamiaji, aliniombea nafasi kwa mwalimu wao. Kwanza tulisimama katika maji ya kifua. Nilifundishwa kuvuta hewa ya mtungi kwa kinywa, kutoa maji yaingiayo katika miwani, na kuzibua masikio kwa kubana pua na kupuliza polepole. Nikaonywa nisizuie pumzi kamwe, kwani mtu akipanda huku ameizuia, hewa hutanuka na yaweza kupasua mapafu. Ndipo tukashuka, naye amenishika mkono, hata mita nane hivi.

Nilistaajabu! Pono walikuwa wakiguguna mwamba, na sauti ya meno yao niliisikia. Chewa alinitazama kutoka pangoni mwake. Kumbe matumbawe si mawe, bali ni majengo ya wanyama wadogo sana. Yale manene hukua sentimita moja hivi tu kwa mwaka. Hapo hapo niliona tumbawe kubwa limepasuka, na kipande cha kamba ya nanga kimenasa. Sijui kama kamba ilikuwa yetu, lakini niliona haya. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza: hata vilivyo chini ya maji vimeundwa.

Wapo watakaosema sheria yatosha. Kweli, Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliwekwa mwaka 1995, ya kwanza katika Tanzania, na kuvua kwa baruti kumekatazwa. Lakini askari hawezi kupanda kila ngalawa. Tena mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Mafia yakageuka meupe na kufa. Joto hilo hatuwezi kulizuia kwa mikono yetu. Nanga na juya twaweza.

Wengine watasema mitungi ni ghali. Sikatai. Lakini tuanze kwa kuogelea, kisha miwani michache itatosha darasa zima kwa zamu, bahari ikiwa shwari na mwalimu ajuaye maji akiwapo. Na dada zetu wasiachwe ufukweni, kwani wao pia huenda mwambani kutafuta pweza, na wengine hawajafundishwa kuogelea.

Nilipomsimulia babu alicheka, akasema hajapata kusikia mtu anawafuata samaki bila mshipi. Lakini kesho yake alipiga kasia mpaka penye mchanga mtupu, akasema, "Mjukuu wangu, tupa hapa."

Basi ikiwa mzee amejifunza kwa kusikia tu, sisi tutajifunza kiasi gani tukiona kwa macho yetu?

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne