Kiwanja, Kibanja na Deni la Nyumba

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Siku itafika utakapotaka kununua nyumba yako ya kwanza hapa Uganda, na huenda ukaanza kwa kuuliza: benki itanikopesha kiasi gani? Kwa maoni yangu, yapo maswali mawili yanayopaswa kutangulia.

La kwanza: unanunua haki gani? Katiba ya mwaka 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi: wa kimila, wa kudumu, wa mailo na wa kukodi kwa muda maalumu. Mailo ni maili. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, na jina likabaki. Juu ya ardhi ya mailo huishi watu wengi wenye vibanja. Neno kibanja linafanana na kiwanja, lakini lisikuhadae. Mwenye kibanja analindwa na sheria kukaa pale na kuitumia ardhi, naye humlipa mwenye ardhi ada iitwayo busuulu. Hata hivyo, hati miliki ina jina la mtu mwingine. Benki kwa kawaida hutaka hati miliki iwe dhamana ya mkopo wa nyumba. Kwa hiyo, anayemaliza akiba yake kununua kibanja, akitumaini benki itamsaidia kujenga, aweza kukwama njiani. Ikague hati katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa shilingi moja.

La pili: utalipa jumla ya kiasi gani? Tuseme umekopa shilingi milioni 100 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ulipe kwa miaka 15. Kila mwezi utalipa takribani shilingi 1,610,000, na mwisho utakuwa umelipa karibu milioni 290. Umenunua nyumba moja kwa bei inayokaribia ya nyumba tatu.

Wako watakaosema kwamba kodi ya pango ni fedha inayopotea. Ni kweli, kodi hairudi. Lakini riba nayo hairudi. Ndiyo maana naona ni heri kijana aweke akiba katika chama cha akiba na mikopo, anunue kwanza ardhi yenye hati, ajenge kwa awamu, kisha akope kiasi kidogo cha muda mfupi kwa ajili ya kuezeka.

Jambo la mwisho ni la wanandoa. Sheria inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Ukiletewa karatasi ya ridhaa, usiitie sahihi kwa heshima au kwa haya tu. Isome yote, uliza kila neno usilolielewa, kwa maana deni likishindikana kulipwa, itakayonadiwa ni nyumba mnayolala wewe na watoto wako.