Tunajua nani alimtusi nani. Pesa je?

Hebu tujaribu kitu. Mwaka wa 2019, gavana wa wakati huo, Granton Samboja, na wawakilishi wadi wa Taita Taveta walivutana kuhusu bajeti hadi gavana akaanza kukusanya sahihi ili kaunti ivunjwe. Kama ulikuwa Voi, kelele unazikumbuka. Sasa niambie: waligombania shilingi ngapi, na zilikuwa za kufanya nini?

Kimya, si ndiyo?

Hapo ndipo penye shida. Tumezoeshwa kwamba mwandishi asiyependelea ni yule anayempa kila mheshimiwa dakika mbili za kumrushia mwenzake maneno. Huyu kasema, yule kajibu, stori imeisha. Lakini hiyo si haki. Haki ni kuifungua bajeti yenyewe na kukuambia nani kati yao anasema ukweli.

Wanasiasa wanaujua mchezo huu vizuri. Wakati wa kampeni wanampigia mwandishi simu usiku wa manane. Wakishaapishwa, akiuliza swali moja tu kuhusu tenda, utasikia jukwaani: "Hao wamenunuliwa!" Na wenye nguvu zaidi hawaishii kwa maneno. Januari 30, 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizima NTV, KTN na Citizen. Machi 2024 ikaagizwa matangazo ya serikali yapelekwe KBC, na kwa chombo cha habari kinachotegemea matangazo hilo ni pigo la tumbo. Juni 25, 2025, siku ya maandamano, runinga zile zile tatu zikazimwa tena hadi Mahakama Kuu ikaingilia kati.

Lakini tusidanganyane. Wako waandishi wanaonunulika, na bei yao wakati mwingine ni nauli tu. Wengi wa mashinani hawana mshahara. Wanalipwa kwa kila habari inayotumika. Kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100. Nani analipia hiyo safari? Ukipanda gari la mheshimiwa, ukala chakula chake, ukarudi na bahasha ya "lunch", utaandika nini jioni? Mhariri wa Nairobi anayetaka habari safi kutoka kwetu aanze kwa kulipa nauli.

Usidhani haya ni mambo ya waandishi peke yao. Zaidi ya nusu ya kaunti hii ni mbuga za Tsavo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ya mtu aliyeuawa na ndovu ilipwe fidia ya Sh5 milioni. Ni familia ngapi zimelipwa? Zipi bado zinangoja, na tangu lini? Maji ya Mzima yanatoka huku kwetu na bomba linayapeleka Mombasa, huku kuna mitaa ya Voi inayonunua maji kwa mitungi. Maswali kama haya hayajibiwi na mtu aliyeletwa kwa gari la mheshimiwa. Na yasipoulizwa, anayeumia ni mama wa Sagalla, si mwanasiasa.

Sasa wewe. Najua bando ni lako, lakini angalia ulishea nini wiki iliyopita. Klipu ya matusi au habari ya bajeti? Vyumba vya habari vinaona unachobonyeza, na vinakupikia hicho hicho.

Tena, huhitaji kadi ya uandishi kuuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka wa 2016 inakuruhusu kuandika ombi lako kwa Kiswahili, bila kulipia ombi lenyewe, na ofisi husika ina siku 21 za kukujibu. Andika, taja barabara au kisima unachotaka kujua, weka nakala. Wakikunyamazia, peleka lalama kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Na chombo cha habari kikipotosha, Baraza la Vyombo vya Habari lina tume ya kusikiza malalamiko. Mlango huo uko wazi kwa mheshimiwa pia. Kama habari ni ya uongo, alete stakabadhi na adai irekebishwe. Kumtusi ripota mbele ya umati hakurekebishi chochote.

Kwa hivyo siku nyingine ukisikia kiongozi akifoka sokoni Voi kwamba waandishi ni maadui, usikimbilie kupiga makofi, wala usikimbilie kuwatetea waandishi. Muulize jambo moja tu: ni wapi walipokosea, na karatasi iko wapi?