Wazee wa Ifakara wafundishwe kompyuta, hata ya mtumba

Tangu 1996 wahoji wa Taasisi ya Afya Ifakara wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya bonde la Kilombero, wakiandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia na nani kahama, na yote hayo huishia kwenye kompyuta. Mkulima wa mpunga aliyezaliwa 1960 basi ana karibu miaka 30 akiwa ndani ya mashine ambayo pengine hajawahi kuigusa. Tukisema ameachwa nyuma kwa sababu ya umri tunamsingizia. Mwaka 1974, yeye akiwa na miaka 14, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini baada ya Wizara ya Fedha kupata hasara na vurugu kutokana na mitambo yake ya mwanzo, na marufuku hiyo ilianza kulegezwa miaka ya 1980. Alipofika umri wa kujifunza kazi, kifaa hakikuwapo. Kilipofika, kilikwenda maofisini na baadaye shuleni, naye alikuwa shambani. Anachokosa ni mwalimu, na hilo linarekebishika.

Wapo wanaosema kichwa cha mtu mzima hakishiki tena. Nchi hii ndiyo ya mwisho kustahili kusema hivyo. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kwa takwimu za Serikali wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka takriban theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967 hadi kama asilimia 10 mwaka 1986. Zitilie shaka takwimu hizo upendavyo. Hata ukizikata nusu, bado ni umati wa watu walioshika kalamu ukubwani. Anayetaka ushahidi wa karibuni zaidi aangalie utafiti uliochapishwa 2014 na Denise Park na wenzake wa Texas, Marekani, kwa watu wa miaka 60 hadi 90. Waliojifunza kupiga picha za kidijitali na kuzihariri kwenye kompyuta, takriban saa 15 kwa wiki kwa miezi mitatu, kumbukumbu zao ziliimarika kuliko za wenzao waliokutana kwa mazungumzo na matembezi tu. Kilichowasaidia ni kuhangaika na jambo gumu kwa muda mrefu. Semina ya siku mbili yenye posho na cheti haimfanyii mtu hivyo, na sisi semina za aina hiyo tunazo tele.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la simu janja: mzee anaweza kutuma pesa na kuongea na mwanawe aliye Dar es Salaam kwa simu, kompyuta ya nini? Kwa mengi hoja hiyo ni sahihi, na asiyehitaji zaidi ya hapo asibebeshwe mzigo. Lakini mchukue katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa miwa kule Kidatu. Mkulima hulipwa kwa tani alizopeleka na kiwango cha sukari kilichopimwa kwenye miwa yake, kisha yanakuja makato. Jedwali lenye safu zote hizo, kwa wanachama mamia, halisomeki kwenye kioo cha simu. Ukivuta upande mmoja, jina la mkulima limeshapotea upande wa pili. Kwenye kompyuta anaona mstari mzima, na kosa la makato analiona kabla ya mkutano, si baada ya watu kuanza kupiga kelele.

Na vijana je, si wapo wa kusaidia? Wapo, wengi wao waungwana. Ila tazama kinachofanyika steshenari. Mzee anafika na bahasha, anataja namba yake ya NIDA, TIN na neno la siri mbele ya foleni, na kijana analiandika kwenye daftari la kaunta ili “mzee usije ukasahau”. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tuna daftari la kaunta. Asiyejua kufungua akaunti yake mwenyewe, sheria hiyo itamlinda kwa shida sana.

Kuhusu mtumba wenyewe, wanaouogopa wana sababu. Kompyuta mpakato zilizostaafu kwenye ofisi za Ulaya na Ghuba mara nyingi huja na betri iliyokufa, kwa hiyo umeme ukikatika barua yote imekwenda. (Na unakatika, ingawa bonde hili lina mabwawa ya Kidatu na Kihansi yanayouzalisha.) Nyingine zina kibodi ya Kijerumani, ambayo Y na Z zimebadilishana nafasi; kama ndani imepangwa kwa Kiingereza, anayefuata herufi anazoziona na kuandika “kazi yangu” anasoma “kayi zangu” na kudhani vidole vyake ndivyo vibovu. Tena Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11. Yote haya yana dawa kwa fundi anayejua: lugha ya kibodi hubadilishwa kwa dakika chache, na Linux pamoja na LibreOffice ni bure na hutosha kwa barua na mahesabu. Betri mbovu humfundisha mwanafunzi kuhifadhi kazi kila baada ya aya moja. Asichoweza mgeni wa kompyuta ni kuyajua hayo peke yake dukani, na ndiyo maana kumnunulia mzee mashine na kumwacha nayo ni kumtia hasara.

Ifakara ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimoja kati ya 54 vilivyozaliwa na mpango ulioanza 1975 kwa kufuata mfano wa Uswidi, mahsusi kwa watu wazima. Darasa liwe hapo, na fundi wake akague mashine kabla ya mwanafunzi kutoa pesa. Somo la kwanza liwe karatasi aliyokuja nayo mwanafunzi mwenyewe: muhtasari wa kikao, hesabu ya magunia, barua ya mirathi. Herufi zikuzwe, kasi ya kubofya mara mbili kwenye kipanya ipunguzwe, na vijana wasichanganywe na wazee katika wiki za mwanzo, maana anayeona haya haulizi. Ratiba nayo ifuate mpunga. Darasa la Machi litakuwa tupu, watu wako kwenye madungu wanaamia ndege. Likianza Julai, mavuno yakiwa yameingia ndani na ada ikiwa mfukoni, kuna miezi minne kamili kabla mvua haijawarudisha shamba.