Waya wa stima haukuzaliwa kubeba intaneti

Haya jamani, ile hoja imerudi tena. Kila inapozungumzwa habari ya intaneti vijijini, hakosi mtu wa kusema: "Nyaya za stima tayari zipo, kwa nini tusiipitishe humo humo?" Inavutia masikioni. Hakuna kuchimba mitaro wala kusimamisha minara. Unachomeka modemu kwenye soketi, uko mtandaoni. Mimi ni mwandishi wa programu, intaneti ndiyo inayonilisha, na bado nasema wazo hili ni baya. Kwa mahali kama Ngaremara ni baya maradufu.

Kwanza tutenganishe mambo, maana watu huyachanganya. Faiba inayoning'inizwa kwenye nguzo za stima siipingi. Faiba hubeba mwanga, haimsumbui mtu. Wala sipingi kile kikibodi cha tokeni ambacho baadhi yetu huchomeka kwenye soketi kikazungumza na mita iliyo juu ya nguzo kupitia waya wa stima. Hicho hutuma tarakimu chache, polepole, kwa masafa ya chini sana.

Ninachopinga ni ule mfumo unaoitwa BPL. Huo huchukua mawimbi ya redio, hasa ya kati ya MHz 2 na 30, na kuyasukuma ndani ya nyaya za stima ili yabebe intaneti. Waya wa mtandao wa ofisini husokotwa jozi kwa jozi, na ule wa televisheni huvikwa ngao, ili mawimbi yasitoke nje. Wa stima uko uchi, umetandazwa hewani kilomita kwa kilomita. Mtu wa redio akiuona waya wa namna hiyo atakwambia ni antena. Utakachokiweka ndani kitavuja nje.

Na masafa hayo yana wenyewe. Wapenzi wa redio wa Kenya, wale wenye leseni na alama za kuitana zinazoanza na 5Z4, wana nafasi yao humo, kwa mfano MHz 7 hadi 7.2 na MHz 14 hadi 14.35. Ndege zinazovuka bara hili zina masafa yao humo. Stesheni za masafa mafupi pia, ambazo ndizo zilizowalea wazee wetu kwa habari tangu Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza mwaka 1957.

Nitaambiwa: "Hao wapenzi wa redio ni wangapi hata wazuie maendeleo ya wengi?" Ni wachache, kweli. Lakini wao ndio wenye masikio. Wanaposema kuna kelele kwenye MHz 7, kelele hiyo imewafikia pia watu wasiojua kulalamika. Huku kaskazini mwa Kenya misheni, polisi na mashirika ya misaada walitegemea redio za HF kwa miongo mingi. Madaktari wa AMREF wanaoruka kwa ndege walikuwa na mtandao wao wa redio tangu miaka ya 1960. Sababu ni maumbile: mawimbi ya MHz 3 hadi 7 ukiyarusha juu hurudi chini na kufunika mamia ya kilomita, yakiruka milima, bila mnara wowote kati. Siku mnara wa simu unapokosa stima, hiyo ndiyo njia inayobaki.

Sasa tazama Ngaremara. Iko kwenye barabara kuu ya kwenda Moyale, kaskazini mwa mji wa Isiolo, kabla ya kufika Archer's Post. Nyumba zimetawanyika, viwanda hakuna. Vipimo vya ITU vinaonyesha kwamba kwenye MHz 7, kelele za redio zitokanazo na vyombo vya binadamu katika mitaa ya makazi mjini huzidi zile za nyika tulivu kwa desibeli kama 20. Hiyo ni mara 100 kwa nguvu. Ukimya huo ni mali, kama maji safi ya chemchemi. Mjini BPL huongeza kelele juu ya kelele. Nyikani huchafua palipokuwa safi.

Na kijiji kingepata nini? Kidogo. Mawimbi haya hufifia haraka kwenye waya, na transfoma huyazuia. Inabidi kuweka vifaa vya kuyapa nguvu upya kila baada ya mamia machache ya mita. Hesabu basi nguzo kutoka Isiolo mjini hadi Ngaremara, kisha hesabu wateja wa kulipia vifaa hivyo. Ahadi ya "intaneti ya vijijini" inashindwa vijijini kwenyewe!

Wenzetu walishajaribu. Marekani, tume ya mawasiliano FCC ilipitisha kanuni za BPL mwaka 2004. Chama cha wapenzi wa redio, ARRL, kikaenda mahakamani, na Aprili 2008 majaji wakasema FCC ilikosea kuficha sehemu za tafiti ilizozitegemea yenyewe. Mji wa Manassas, Virginia, uliokuwa ukitolewa mfano, uliufunga mfumo wake mwaka 2010 kwa kuwa haukuwa na faida.

Watetezi husema vifaa vya kisasa huacha mapengo kwenye masafa ya wapenzi wa redio. Ni kweli, na mapengo husaidia. Lakini humlinda aliyepigiwa pengo peke yake. Ni kama programu inayoandika ovyo kwenye kumbukumbu ya programu nyingine, halafu mwandishi wake anajisifu kwamba ameruka kurasa mbili.

Ninachotaka ni hiki. Mamlaka ya Mawasiliano isiidhinishe kifaa chochote cha kusukuma masafa haya kwenye nyaya za nje kabla ya kupima kelele uwanjani, mahali tulivu kama Ngaremara, na vipimo vyote vitangazwe. Fedha za intaneti ya vijijini ziende kwenye faiba na minara. Mwenye hoja tofauti aje, ila aje na vipimo mkononi.