Amri ya Baharini Hailindi Visima vya Cape Cod

Tarehe 22 Desemba 2025, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani, ambayo ndiyo inayokodisha maeneo ya bahari ya serikali kuu, ilisimamisha miradi mitano ya umeme wa upepo katika pwani ya mashariki, ukiwamo Vineyard Wind 1 wa Massachusetts. Sababu iliyotolewa ni usalama wa taifa. Anayehofia nyaya zilizofukiwa karibu na visima vya Cape Cod anaweza kushawishika kuiona amri hiyo kama ushindi wake. Ukweli ni kwamba maji yake hayakupata chochote, na inaudhi hofu ya haki kama hii inapogeuzwa kuwa makofi ya kushangilia uamuzi usioihusu.

Hofu hiyo ina msingi. Cape Cod ni rasi ya mchanga ulioachwa na barafu ya kale, na kinachomwagika juu huzama upesi. Mwaka 1982 shirika la mazingira la serikali kuu, EPA, liliyatambua maji yaliyo chini ya mchanga huo kuwa chanzo pekee cha maji ya kunywa cha rasi hiyo. Tangu Januari 2024 umeme wa Vineyard Wind unapita hapo chini ya barabara, kutoka ufuko wa Covell's mjini Barnstable hadi kituo cha kupozea umeme cha Hyannis.

Wapinzani hutaja mitaro na joto la nyaya. Mitaro imeshafukiwa, joto lipo, lipimwe. Nyaya zenyewe zimekingwa kwa plastiki ngumu, tofauti na zile za zamani zilizojazwa mafuta, na zimelazwa kwenye mabomba yaliyozungushiwa zege. Wenye miradi nao husema makaa na gesi huchafua zaidi. Sawa, lakini hoja hiyo haimhakikishii mkazi wa Hyannis usalama wa maji ya bomba lake.

Hatari kubwa iko waya unapoishia, kwenye transfoma za kituo cha Hyannis. Transfoma za kituo kama hicho hubeba maelfu kwa maelfu ya lita za mafuta ya kuhami na kupoza. Simamisha mapanga yote ya upepo baharini leo, mafuta hayo yatakuwepo kesho asubuhi, juu ya mchanga uleule. Kinachoyazuia yasifike kwenye maji ni beseni la zege lililojengwa chini yake, vali inayofunguliwa kutolea maji ya mvua, na fundi anayehakikisha kwamba vali hiyo imefungwa tena. Barnstable ililitambua hilo mapema. Katika mkataba wake wa mwaka 2018 na kampuni ya Vineyard Wind, pamoja na dola milioni 16 kwa mji, suala la kukinga mafuta ya kituo lilikuwa mezani. Lilifika hapo kwa watu wa mji kubishana kipengele kwa kipengele, miaka saba kabla ya amri ya Washington.

Tena beseni peke yake halitoshi. Transfoma ikiwaka moto, zimamoto watakuja na kitu cha kuuzimia, na Hyannis inajua gharama yake. Povu lililotumika kwa miaka mingi katika chuo cha mafunzo ya zimamoto cha kaunti liliingiza kemikali za PFAS kwenye visima vya mji, hadi maji yakalazimika kuchujwa kwa kaboni. Waliolimwaga walikuwa wakijifunza kuokoa maisha ya watu.

Sasa niambieni, amri ya Desemba imeuliza nini kuhusu povu? Imemtaka nani apime kisima kipi, mara ngapi kwa mwaka? Imeweka wapi fedha za kusafisha maji kampuni ikifilisika au ikiuzwa? Hakuna. Na kisima kisichopimwa kabla ya umeme kuwashwa hakina ushahidi: siku mafuta yakionekana, kampuni itasema yalikuwemo, na mwenye kisima hatakuwa na karatasi ya kuipinga.

Nyaya za mradi mwingine zimepangwa kuingia nchi kavu katika ufuko wa Craigville, pia mjini Barnstable. Kabla ya kebo moja kufukiwa, mji udai vipimo vya visima vilivyowekwa hadharani, ukaguzi wa mabeseni kila mwaka mbele ya mhandisi wake, povu lisilo na PFAS, na dhamana ya fedha inayoshikiliwa na mji wenyewe hadi transfoma ya mwisho itakapoondolewa.