Uhamisho wa Haraka Haukuiponya Red Bull

Tarehe 13 Desemba 2024 Max Verstappen, dereva Mholanzi wa timu ya Red Bull, alikuwa Kigali, katika nchi jirani ya Rwanda, kupokea kombe lake la nne la ubingwa wa dunia wa mbio za magari ya langalanga, zijulikanazo kwa jina la Formula One. Alipokuwa huko alitumikia pia adhabu aliyopewa na FIA, shirikisho la dunia la mchezo wa magari, kwa kosa la kutamka neno chafu mbele ya waandishi wa habari huko Singapore mwezi Septemba. Adhabu yenyewe ilikuwa kufanya kazi pamoja na vijana wa Kinyarwanda wanaojifunza mchezo huo. Siku hiyo hiyo Rais Paul Kagame alitangaza kwamba nchi yake inaomba kuandaa mbio hizo, ambazo hazijafanyika katika Afrika tangu zilipofanyika Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993.

Hayo mawili yalizungumzwa sana katika kanda yetu. Liko jambo la tatu ambalo halikuzungumzwa sana, nalo ndilo tunalotaka kulichambua leo. Siku tano tu baada ya sherehe ya Kigali, Red Bull iliagana na Sergio Pérez, dereva wa gari lake la pili, na kuanzia hapo kiti hicho kikawa kama kituo cha kazi ambacho hakuna ofisa anayekaa hata akafungua sanduku lake.

Kwa wale askari wenzetu, wa jeshi na wa polisi, ambao mchezo wa magari wanaoufahamu ni ule wa Safari Rally ya Kenya au Pearl of Africa ya hapa kwetu Uganda, yafaa tueleze kidogo. Gari la langalanga lina kiti kimoja, na magurudumu yake manne yako nje bila kufunikwa na bodi. Hakuna msaidizi wa kumsomea dereva njia, na magari yote huondoka kwa pamoja katika barabara maalumu ya kuzunguka. Katika msimu wa 2025 timu zilikuwa kumi, kila moja na magari mawili na madereva wawili. Ubingwa nao ni wa aina mbili. Ule wa dereva ndio unaopigiwa tarumbeta. Ule wa timu hupatikana kwa kujumlisha pointi za madereva wote wawili, na fedha ambazo timu hugawiwa mwisho wa mwaka hutegemea mpangilio huo wa pili. Timu yenye shujaa mmoja na mwenziwe goigoi hupigwa picha nyingi, lakini mfukoni hupungukiwa.

Hilo ndilo lililoipata Red Bull mwaka 2024. Mwaka uliotangulia ilikuwa imeshinda mashindano 21 kati ya 22. Mwaka 2024 Verstappen alikuwa bingwa tena kwa pointi 437, ilhali Pérez alipata 152 na kushika nafasi ya nane, na timu ikaporomoka hadi nafasi ya tatu nyuma ya McLaren na Ferrari. Tuseme kweli, Pérez alianza mwaka huo vizuri. Katika mashindano matano ya kwanza alikuwa wa pili mara tatu na wa tatu mara moja. Baada ya mbio za China mwezi Aprili hakupanda tena jukwaa la washindi. Hata hivyo tarehe 4 Juni wakuu wake walimwongezea mkataba wa miaka miwili, na miezi sita baadaye wakaagana naye. Wakuu wanaotia sahihi mwezi Juni na kufuta mwezi Desemba wana la kujibu wao wenyewe, kabla ya kumwuliza dereva.

Mahali pa Pérez alipewa Liam Lawson wa New Zealand, kijana wa miaka 22 kutoka timu ndogo ya Racing Bulls, ambayo humilikiwa na kampuni ile ile ya vinywaji ya Austria. Lawson alikuwa ameshiriki mashindano 11 tu ya langalanga, na hakuna hata moja kati ya hayo lililofanyika Melbourne au Shanghai, viwanja viwili vya kufungua msimu wa 2025. Mazoezi rasmi kabla ya msimu yalikuwa ya siku tatu tu huko Bahrain, nazo hugawanywa baina ya madereva wawili wa timu. Hesabu yake ni siku moja na nusu kwa kila mtu.

Huko Melbourne injini ilimharibikia katika mazoezi ya mwisho, akapata nafasi ya 18 katika kupanga nafasi za kuanzia, na siku ya mashindano, tarehe 16 Machi, aligonga ukuta katika mvua. Huko Shanghai wiki iliyofuata alipata nafasi ya mwisho katika kupanga nafasi, mara mbili. Tarehe 27 Machi, siku 11 tangu shindano la kwanza, Red Bull ilitangaza kwamba Lawson anarudi timu ndogo na kiti chake anachukua Yuki Tsunoda, Mjapani aliyekuwa katika timu hiyo ndogo tangu 2021.

Mwenye kusoma habari hizi juu juu atasema kwamba kijana alishindwa. Sisi tunaona kwamba gari lenyewe lilikuwa na neno. Tangu miaka kadhaa nyuma magari ya Red Bull yamekuwa na sehemu ya mbele inayotii usukani upesi mno, huku sehemu ya nyuma ikiwa nyepesi na tayari kuteleza. Verstappen analipenda gari la namna hiyo na hulifanyia maajabu. Alexander Albon, aliyewahi kukalia kiti hicho cha pili, amekwisha kueleza hadharani jinsi ukali huo wa usukani ulivyomsumbua. Kila askari aliyewahi kukabidhiwa bunduki ambayo shabaha yake imerekebishwa kwa jicho la mwenziwe anaelewa maana yake. Risasi zitapita kando, na msimamizi wa uwanja wa shabaha ataandika kwamba askari huyu hajui kulenga.

Wala Lawson hakuwa wa kwanza. Mwaka 2019 Pierre Gasly, Mfaransa, alipewa kiti hicho na kunyang'anywa baada ya mashindano 12. Albon aliyemfuata aliondolewa mwisho wa mwaka 2020. Kwa nini basi timu yenye wataalamu wengi kiasi hicho irudie jambo ambalo limekwisha kuishinda? Jibu letu ni kwamba siku moja jambo hilo lilifaulu, na lilifaulu kupita kiasi. Mwezi Mei 2016 Daniil Kvyat wa Urusi alirudishwa timu ndogo baada ya mashindano manne tu, na mahali pake akawekwa kijana wa miaka 18. Kijana huyo alishinda shindano lake la kwanza akiwa na Red Bull, huko Hispania, tarehe 15 Mei. Jina lake ni Max Verstappen. Kamanda aliyewahi kushinda vita kwa shambulio moja la ghafla huwa mgumu sana kumshauri juu ya kuzingira.

Lipo pia suala la wadhamini. Tsunoda alilelewa na kampuni ya Honda, ambayo injini za Red Bull zilitoka kwake, na shindano lake la kwanza katika gari la timu kubwa lilikuwa Suzuka, nyumbani kwao Japani. Siku hiyo magari ya Red Bull yalipakwa rangi nyeupe kwa heshima ya Honda na ushindi wake wa kwanza wa mwaka 1965. Hatusemi kwamba Honda ndiyo iliyotoa amri. Kampuni hiyo ilikuwa imetangaza tangu 2023 kwamba kuanzia msimu wa 2026 itahamia Aston Martin, na Red Bull ilikwisha kufunga mapatano na Ford. Tunachosema ni kwamba uteuzi uliofanywa katikati ya rangi mpya, wapiga picha na wageni waalikwa huwa mgumu kuutenganisha na biashara. Kwa Ferrari hali ilikuwa ile ile kwa sura nyingine. Ilitangaza tarehe 1 Februari 2024 kwamba itamchukua Lewis Hamilton, bingwa mara saba, kwa msimu wa 2025, na mwezi Aprili jina la kampuni ya kompyuta ya HP likaungana na jina la timu. Hamilton mwenye miaka 40 alimaliza msimu huo wa 2025 bila kupanda jukwaani hata mara moja katika mashindano makuu, jambo ambalo halikuwahi kumpata tangu alipoanza mwaka 2007.

Tuitazame sasa Mercedes, aliyoiacha Hamilton. Iliamua kumpa kiti kijana wa Kiitalia, Andrea Kimi Antonelli. Tarehe 30 Agosti 2024, huko Monza, kijana huyo aliruhusiwa kuliendesha gari la timu katika mazoezi, na baada ya dakika chache alilibamiza ukutani mbele ya watu wa nchi yake. Kesho yake Mercedes ilimtangaza kuwa dereva wake, kama ilivyokuwa imepanga. Ilikuwa imekwisha kumfanyisha mazoezi ya faragha kwa magari ya miaka ya nyuma, ambayo kanuni zinayaruhusu. Katikati ya msimu wa 2025, katika viwanja vya Ulaya, aliporomoka vibaya na mara nyingi akamaliza bila pointi. Timu haikumgusa. Mwisho wa mwaka alikuwa wa pili huko Brazil, na jumla yake ilifika pointi 150.

Sisi tuliopitia shule ya maofisa tulizoea kwamba makabidhiano ya kikosi hayafanywi kwa siku moja. Anayeondoka humtembeza anayeingia, humwonyesha ghala, magari mabovu na watu wakorofi, na daftari hutiwa sahihi na wote wawili. Mazoezi ya faragha ya Antonelli yalikuwa makabidhiano ya namna hiyo. Tsunoda alipewa usukani siku kumi kabla ya shindano.

Matokeo yake yanasomeka katika jedwali la mwaka. Red Bull ilipata pointi 451 katika msimu wa 2025, na 421 kati ya hizo ni za Verstappen peke yake. Tsunoda aliongeza 30 katika mashindano 22. Lawson, aliyehukumiwa kwa mashindano mawili, alicheza naye mashindano 22 yaliyobaki katika gari la timu ndogo na kupata pointi 38. Huko Baku, tarehe 21 Septemba, Lawson alimaliza wa tano na Tsunoda wa sita nyuma yake, na hilo ndilo lililokuwa shindano bora la Tsunoda katika timu kubwa. Mercedes yenye madereva wawili wanaofanya kazi ilipata 469 na kuipita Red Bull kwa pointi 18.

Atatokea wa kutupinga aseme kwamba timu ya McLaren iliwapa madereva wake wawili, Lando Norris na Oscar Piastri, haki sawa, nao wakanyang'anyana pointi hadi Verstappen akakaribia kuwapokonya ubingwa wote wawili. Ni kweli. Norris alikuwa bingwa kwa pointi 423, mbili tu zaidi ya Verstappen. Lakini hizo pointi mbili ndizo zinazotutia mashaka. Katika shindano la mwisho, huko Abu Dhabi, Tsunoda alipewa kazi ya kumzuia Norris. Norris alimpita, na Tsunoda akaadhibiwa kwa kuyumbisha gari mbele yake. Mlinzi wa ubavu aliyechoshwa na uhamisho, katika silaha asiyoizoea, alitakiwa kumzuia mtu aliyekuwa akielekea kuwa bingwa wa dunia.

Hata waliotoa amri hawakubaki. Christian Horner, mkuu wa timu tangu 2005, aliondolewa tarehe 9 Julai 2025, na nafasi yake ikachukuliwa na Laurent Mekies, aliyeletwa kutoka timu ndogo. Helmut Marko, mshauri aliyewapandisha na kuwashusha vijana hawa wote, aliagana na timu mwezi Desemba. Tarehe 2 mwezi huo ilitangazwa kwamba kiti cha pili kwa msimu wa 2026 amepewa Isack Hadjar, Mfaransa ambaye huko Melbourne, katika shindano lake la kwanza kabisa, aligonga ukuta kabla hata ya mbio kuanza, akaonekana akilia. Timu ndogo ilimwacha aendelee, na tarehe 31 Agosti alikuwa wa tatu huko Zandvoort. Lawson alibakishwa katika timu ndogo, na Tsunoda akawekwa kuwa dereva wa akiba.

Naye Pérez hakukaa nyumbani muda mrefu. Tarehe 26 Agosti 2025 Cadillac, timu ya 11 iliyoanzishwa kwa nguvu za General Motors ya Marekani, ilimtangaza pamoja na Valtteri Bottas wa Ufini kuwa madereva wake wa kwanza. Baina yao walikuwa na ushindi 16, na wote wawili walikuwa wameachwa na timu zao mwisho wa 2024. Cadillac iliwapa zaidi ya miezi sita ya kujiandaa kabla ya Melbourne, tarehe 8 Machi 2026.