MASIKIO YANAYOLIA (4): Msiuze kiwanja kwa ajili ya mashine ya sumaku

Mama zangu, tuendelee. Tangu sehemu ya 3 inboksi imejaa swali moja: "Nesi, ile mashine ya sumaku ya kichwani inaponya masikio yanayolia?" Dada mmoja anasema mume wake ana mlio mwaka wa tatu sasa, usingizi hapati, na ukoo unataka kuuza kiwanja akatibiwe nje. Mimi nasema msiuze.

Mashine yenyewe si utapeli. Ilianzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Wanakuwekea koili kichwani, inatoa mapigo ya sumaku yanayopenya fuvu bila kisu wala nusu kaputi. Marekani waliiruhusu kutibu sonona mwaka 2008, na huko imesaidia watu kweli. Kwa masikio nako wazo halikuwa baya: mara nyingi sikio likipungua kusikia, ubongo unajitengenezea sauti isiyokuwepo. Basi tuutulize ubongo, wakasema.

Mwaka 2015 watafiti wa Portland, Marekani, walitoa matokeo matamu. Kati ya watu 32 waliopigwa sumaku ya kweli, 18 walipata nafuu. Kati ya 32 waliowekewa ya bandia, 7. Nafuu jamani, sio kupona! Kisha Wajerumani wakajaribu kwenye vituo kadhaa, wagonjwa 163, wakatoa majibu mwaka 2017: sumaku ya kweli haikuishinda ya bandia. Na mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 ulishasema isiwe tiba ya kawaida ya mlio. Anayekuuzia safari atakuonyesha hao 18 tu.

Najua mtasema, "si bora kujaribu?" Kujaribu kwa hela ya nani? Ya ada ya watoto?

Huyo baba aanze na kupimwa usikivu, na atazamwe kama nta imeziba. Aseme dawa zote alizotumia, maana kwinini, sindano za gentamaisini na aspirini nyingi zinaweza kuleta mlio. Kama usikivu umepungua, kifaa cha kusaidia kusikia kinawapa wengi nafuu. Kuna pia tiba ya mazungumzo na mwanasaikolojia. Mlio haiufuti, ila inapunguza ule mateso wa kuusikiliza usiku kucha. Hata feni au redio ya chini chini wakati wa kulala inasaidia, chumba kikiwa kimya kabisa ndiyo mlio unatamba.

Na wewe mama uliyejifungua juzi, ukisikia mlio unadunda sambamba na moyo, njoo tupime damu na presha. Sikio likiacha kusikia ghafla, usingoje liachie lenyewe: hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye kifafa au chuma kichwani, hata ukipewa hiyo sumaku bure, mwambie daktari kwanza.

Sehemu ya 5 nitaongelea pamba za masikioni na watoto wachanga. Mabibi mtanisamehe.